Sadma na Moondram Pirai: nani alimnakili nani?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nimekulia katika nyumba inayopenda picha za Kihindi, na kwa mama yangu hakuna picha inayoipita Sadma ya mwaka 1983, ile ya Kamal Haasan na Sridevi. Tumeililia mama na watoto. Sasa mume wangu, anayefuatilia sana filamu za Kusini mwa India, ananiambia kwamba Sadma imenakiliwa kutoka filamu ya Kitamil, tena karibu picha kwa picha, na kwamba mwenye kutaka kuijua kazi yenyewe aiache hii ya Kihindi atazame ile ya kwanza. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, Sadma inabaki na thamani gani?" (Msomaji, Tanga)

Marahaba, binti yangu. Mumeo amesema kweli kuhusu asili ya filamu hiyo, ila hukumu aliyoitoa baada ya hapo siikubali hata kidogo, na nitakueleza kwa nini. Kwa kuwa Sadma unaijua tangu utotoni nitazungumza mpaka mwisho wake bila kuficha kitu. Msomaji mwingine ambaye hajaiona, ningemwomba aanze kuitazama kwanza, kisha arudi hapa.

Filamu ya Kitamil ipo. Inaitwa Moondram Pirai, jina linalotaja mwezi mchanga wa siku ya tatu, na iliingia kwenye majumba ya sinema Februari 1982. Sadma ilifuata Julai 1983. Hadithi ni ile ile, matukio yanafuatana vile vile, na ziko pande nzima ambazo ukiziweka sambamba utaona kamera imesimama palepale iliposimama mara ya kwanza. Lakini tazama ni nani aliyeishika kamera hiyo. Moondram Pirai iliandikwa, ikaongozwa na kupigwa picha na mtu mmoja, Balu Mahendra. Sadma nayo ni hadithi yake, ameiongoza yeye na picha kazipiga yeye. Mwalimu wa shule katika filamu zote mbili ni Kamal Haasan. Msichana ni Sridevi. Mke kijana wa mwalimu mkuu ni Silk Smitha. Muziki ni wa Ilaiyaraaja. Hata milima ni ile ile ya Nilgiri, upande wa Ooty na Ketti. Waliobadilika ni watayarishaji, akina Raj N. Sippy na Romu N. Sippy wa Bombay, waigizaji wa pembeni, na mshairi aliyeandika nyimbo na mazungumzo, naye ni Gulzar.

Basi aliyenakiliwa ni nani, na aliyenakili ni nani? Mtunzi wa taarab akiimba wimbo wake mwenyewe upya mbele ya hadhira nyingine, kwa kinanda kingine, hatumwiti mwizi wa wimbo. Tunamsikiliza tujue safari hii kaupeleka wapi.

Jambo hili halikuwa geni India. Madras, ambayo leo ni Chennai, ilikuwa na studio kubwa zilizotengeneza filamu za Kihindi kwa miongo mingi, na nyingi zilianzia kwenye lugha za Kusini. S. S. Vasan wa studio za Gemini alitoa Chandralekha mwaka 1948 kwa Kitamil kisha kwa Kihindi mwaka huo huo, na ngoma zake kubwa zikawashangaza watazamaji wa Kaskazini. Kampuni ya AVM ilichukua filamu yake ya Kitamil, Vazhkai ya 1949, ikaifanya Bahar kwa Kihindi mwaka 1951, na kwa Bahar watu wa Kaskazini wakamjua mwigizaji Vyjayanthimala. C. V. Sridhar aliongoza Nenjil Or Aalayam mwaka 1962, hadithi ya mgonjwa wa saratani anayelazwa katika hospitali ya daktari aliyewahi kupendana na mkewe, na mwaka uliofuata akaiongoza mwenyewe kwa Kihindi ikiwa Dil Ek Mandir, na Meena Kumari akaigiza mke. K. Balachander alifanya hivyohivyo kutoka Kitelugu: Maro Charitra ya 1978 ikawa Ek Duuje Ke Liye mwaka 1981, na ndiyo iliyomtambulisha Kamal Haasan kwa watazamaji wa Kihindi. Kwa hiyo Balu Mahendra alipopanda tena Ooty kupiga hadithi yake kwa lugha ya pili, alikuwa anapita njia iliyokwisha kukanyagwa na wakubwa zake.

Kwa nini hawakuingiza tu sauti za Kihindi juu ya picha za Kitamil? Wakati mwingine walifanya hivyo. Moondram Pirai yenyewe iliingizwa sauti za Kitelugu na kuitwa Vasantha Kokila. Lakini soko la Kihindi lilitaka nyuso linazozijua kwenye nafasi ndogo, majina linayoyazoea, na zaidi ya yote lilitaka nyimbo zilizoandikwa na mshairi wake. Wimbo wa filamu India hautoki kwenye sinema tu; unatoka redioni, unaingia harusini, unaimbwa jikoni. Hauwezi kuwa tafsiri ya harakaharaka. Tukumbuke pia kwamba Kihindi huko Tamil Nadu, jimbo la Watamil, kilikuwa jambo zito la siasa. Mwaka 1965 kulikuwa na maandamano makubwa na vifo katika kupinga Kihindi kisiwe lugha pekee ya serikali kuu. Hata hivyo mafundi wa sinema wa Madras waliendelea kufanya kazi kwa lugha zote mbili, na mimi huwaheshimu sana kwa hilo.

Sisi wa pwani tulipataje kuijua Sadma tusiijue Moondram Pirai? Filamu za India ziliingia Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Lamu kupitia wafanyabiashara na wenye majumba ya sinema ambao wengi wao asili yao ilikuwa Gujarat, Kutch na Punjab. Kihindi walikifahamu, Kitamil hawakukifahamu. Wakaleta Awaara, wakaleta Mother India, na watu wetu wakazipokea kama zao, mpaka tuni za Kihindi zikaingia katika nyimbo zetu. Filamu za Madras hazikuwa na mtu wa kuzileta. Baadaye zilipokuja kanda za video, mkondo ulikuwa ule ule. Kwa mama yako na maelfu ya wenzake, hadithi hii haikuwa na mlango mwingine wa kuingilia nyumbani ila Sadma. Lakini sitaki kuitetea kwa sababu hiyo peke yake, kwani kuna filamu dhaifu nyingi zilizotufikia kwa njia hiyo hiyo. Sadma ina nguvu yake.

Tuanze na hadithi. Nehalata, binti wa familia yenye uwezo, anapata ajali ya gari na kuumia kichwa. Anapozinduka amerudi utotoni. Mwili ni wa msichana mkubwa, akili ni ya mtoto wa miaka sita au saba, na wazazi wake hawatambui. Anaibiwa na kuuzwa kwenye danguro. Hapo ndipo anapokutana naye Somu, mwalimu wa shule aliyepelekwa na rafiki yake. Somu anaingia chumbani na kugundua kwamba aliyeletewa ni mtoto. Anamtorosha, anampeleka kwake milimani, anamlisha, anambembeleza, anamchezea mchezo wa nyani ili acheke. Kuna mbwa mdogo, kuna bibi jirani mwenye huruma, kuna mkata kuni mwenye jicho baya. Mwishowe Somu anasikia habari za mganga wa dawa za mitishamba, anampeleka msichana kwake, na msichana anapona. Kupona kwake kunafuta kila kitu kilichotokea tangu siku ya ajali. Somu naye amefutwa humo.

Wengi wakiulizwa wanalilia nini katika Sadma watasema wanalilia mwisho, pale kituoni, mvua ikinyesha. Nami nasema msiba wa Somu umeanza mapema kidogo, na ndiyo sehemu ambayo watazamaji wengi huipita haraka. Siku ya matibabu, polisi wanakuja na wazazi wa msichana. Somu anajificha. Ana sababu: amekaa na msichana wa watu nyumbani kwake bila idhini ya wazazi, tena alimtoa danguroni, na nani atamwamini? Kwa hiyo msichana anapofumbua macho, anayemtazama ni mama yake, ni baba yake, ni mganga. Yeye hayupo. Kumbe huko ndani mganga amekwisha kuwaeleza wazazi kwamba aliyemleta binti yao ni mtu mwema, na baba ameamua kuliacha shauri. Hakuna tena anayemtafuta Somu ili amkamate. Anajificha kutokana na hatari iliyokwisha kuondoka, na dakika alizozipoteza hapo ndizo dakika pekee ambazo angeweza kusimama mbele ya msichana akiwa na uso safi na nguo safi, akajieleza kama mtu mwenye akili zake.

Anapotoka mafichoni gari limeshaondoka. Anakimbia, anateleza, anaanguka vibaya. Anafika kituoni akichechemea, amejaa tope na damu. Sasa tazama ubunifu wa mwandishi: kila anachokifanya Somu ili akumbukwe kinamfanya azidi kutotambulika. Anaita jina, lakini ni Reshmi, jina alilomjua nalo kwenye maisha yaliyofutika, na kwa msichana jina hilo si lake. Anacheza mchezo wa nyani, ule uliokuwa ukimchekesha, na kwa msichana huyu mpya ni kichekesho cha mwendawazimu anayeomba chakula. Anaweka sufuria kichwani. Anaruka. Msichana anamtazama kwa huruma ya mbali, ile tunayowapa watu tusiowajua. Hana ukatili wowote, na laiti angekuwa mkatili ingekuwa nafuu kwetu, tungepata mtu wa kumchukia. Reli ile ya Nilgiri ni ya mlimani, mwendo wake ni wa polepole, kwa hiyo treni haimponyoki Somu mara moja. Anapata muda wa kukimbia nayo sambamba, kuonekana vizuri dirishani, na kukataliwa vizuri. Ingekuwa treni ya kasi ya tambarare, tukio lisingewezekana. Balu Mahendra alichagua mahali kwa jicho la mpigapicha na kwa akili ya mwandishi kwa pamoja.

Ongeza na hili: aliyempeleka msichana kwa mganga ni Somu mwenyewe. Hakulazimishwa na mtu. Angeweza kumwacha alivyo, akaishi naye milimani, na pengine tungemwelewa. Alitenda lililo sawa, na lililo sawa ndilo lililomnyang'anya. Sinema ya kawaida ya enzi zile haikumtendea hivyo steringi. Steringi hupigwa, hufungwa, husingiziwa, lakini mwisho hupata haki yake, na akifa hufa mikononi mwa anayempenda. Hapa steringi anaachwa hai, ana akili zake, anajua kila kitu, na hana shahidi.

Ndiyo maana sishangai kwamba Sadma haikufanya vizuri sokoni ilipotoka. Moondram Pirai ilikaa muda mrefu sana kwenye majumba ya sinema ya Kusini, ikampa Kamal Haasan tuzo ya taifa ya mwigizaji bora na Balu Mahendra tuzo ya taifa ya upigaji picha. Sadma iliteuliwa kwenye tuzo za Filmfare, Kamal Haasan na Sridevi wote wawili, bila kushinda, na heshima yake ilikua baadaye, kwa kanda za video na kwa televisheni, nyumba kwa nyumba. Mama yako ni mmoja wa watu walioijenga heshima hiyo.

Sasa nikuambie palipo na tofauti, maana hapo ndipo mumeo ana hoja ambayo hakuitaja. Katika Moondram Pirai, mji wa milimani unazungumza lugha yake. Jirani, mwalimu mkuu, abiria wa treni, mganga, wote ni watu wa mahali pale, na msichana, ambaye huko anaitwa Bhagyalakshmi, amepotea ndani ya nchi ya lugha yake mwenyewe. Katika Sadma watu wale wale wamepewa majina ya Kaskazini na wanazungumza Kihindi katikati ya vilima vya Tamil Nadu. Mtazamaji wa Tanga hawezi kulihisi, lakini mtu wa Chennai analihisi mara moja: ardhi ni ya Kitamil, wakazi wameazimwa. Filamu imepoteza kitu hapo. Ule ukaribu wa mtaa mdogo, ambapo kila mtu anajua mwalimu ameleta msichana nyumbani, una uzito zaidi katika ile ya kwanza. Hata mbwa kabadilishwa jina, kutoka Subramani akawa Hariprasad, na watoto wa Kitamil wa enzi zile watakuapia kwamba Subramani ndiye mbwa wa kweli.

Kwenye nyimbo mizani inasawazika, na kwangu mimi pengine inaelemea upande wa Kihindi kidogo. Bembelezi ya Moondram Pirai, Kanne Kalaimane, iliandikwa na Kannadasan, mshairi mkubwa kuliko wote wa sinema ya Kitamil. Ndio wimbo wake wa mwisho wa filamu. Alifariki Oktoba 1981, filamu haijatoka. K. J. Yesudas ndiye aliyeuimba. Kwenye Sadma tuni ile ile imekuwa Surmayee Ankhiyon Mein, mwimbaji ni Yesudas yule yule, maneno ni ya Gulzar. Gulzar alikuwa kwenye kazi ngumu: kuingiza maneno mapya kwenye tuni ambayo tayari ilikuwa kumbukumbu ya marehemu. Hakujaribu kumfuata Kannadasan neno kwa neno. Aliandika bembelezi ya Kihindi inayosimama peke yake, fupi ya maneno, yenye pumzi nyingi kati yake, na ndiyo maana inaimbwa mpaka leo na watu wasiojua kabisa kwamba kuna ya Kitamil. Halafu kuna Ae Zindagi Gale Laga Le, ulioimbwa na Suresh Wadkar. Kama ningeulizwa kitu kimoja ambacho Sadma inacho na ambacho nisingekubali kukipoteza, ningeutaja wimbo huo bila kusita. Ilaiyaraaja wakati ule alikuwa mfalme Kusini na karibu mgeni Kaskazini, na wimbo huo peke yake ulitosha kumpa uraia.

Upo pia wimbo wa hadithi ya mbweha wa msituni, ule ambao Somu anamsimulia msichana. Katika lugha zote mbili walioimba ni Kamal Haasan na Sridevi wenyewe, bila waimbaji wa nyuma ya pazia. Usikilize tena kwa makini. Huo si uimbaji mzuri kwa vipimo vya studio, na haukukusudiwa uwe. Ni sauti za mtu mzima na mtoto wanaocheza, na zinatuonyesha uhusiano wao kuliko mazungumzo ya kurasa kumi.

Huyo Sridevi ni jambo la kustaajabisha. Alizaliwa Agosti 1963, kwa hiyo alipoigiza Moondram Pirai alikuwa ndio kwanza anafikia miaka kumi na minane. Alianza kuigiza akiwa mtoto mdogo sana, mwishoni mwa miaka ya 1960, na Kamal Haasan vilevile alianza mtoto, kwenye Kalathur Kannamma ya 1960, filamu ambayo nayo iligeuzwa ya Kihindi mwaka 1962 kwa jina la Main Chup Rahungi. Wawili hawa walikuwa wamekwisha kuigiza pamoja mara nyingi Kusini, wakazoeana kiasi cha kutohitaji kutazamana. Mtu mzima kuigiza mtoto ni mtego; wengi huishia kubana sauti na kurembua macho. Sridevi anazo hizo nyakati, sitakataa, lakini tazama mikono yake na jinsi anavyokaa. Anakaa kama mtoto aliyesahau kwamba ana magoti. Kisha tazama dakika za mwisho, baada ya kupona: mgongo umenyooka, macho yametulia, sauti imeshuka. Ni mwanamke mwingine kabisa, na hilo linatusaidia kuamini kwamba hatamkumbuka Somu. Mwaka huo huo wa 1983 alitoka katika Himmatwala, na ngoma zake ndani ya picha hiyo ndizo zilizomfanya malkia wa Bombay. Soko lilimtaka vile. Sadma ilibaki kuwa ushahidi wa kile kingine alichoweza. Alifariki Dubai Februari 2018, na siku zile watu wengi waliirudia filamu hii hasa.

Kuhusu Silk Smitha, najua mama zetu wengi hupeleka mbele kanda wakifika kwenye sehemu zake. Wahakiki nao mara nyingi wamesema aliwekwa ili tiketi ziuzwe. Sikatai kwamba watayarishaji walipenda jina lake. Lakini iondoe sehemu yake na filamu inapungua. Mke wa mwalimu mkuu anamtamani Somu waziwazi, naye Somu si malaika wa mbao. Anatamanika na anatamani, ndoto zake zinatuonyesha. Kumbuka pia kwamba safari yake yote ilianzia danguroni. Hayo yote yapo ili tujue kwamba mtu huyu anapomlaza msichana na kumfunika shuka, anafanya hivyo akiwa mwanamume kamili aliyechagua kujizuia. Kwa upande wa pili kuna mkata kuni, ambaye kwenye Sadma ni Gulshan Grover, anayeona mwili tu na hataki kujua mengine. Somu amesimama kati ya tamaa inayomjia na tamaa inayomvizia msichana wake. Silk Smitha, aliyefariki mwaka 1996, aliigiza nafasi hiyo kwa upweke ambao wengi hawakutaka kuuona, na anastahili kutazamwa bila kupelekwa mbele.

Je, upendo wa Somu ni wa baba au wa mpenzi? Filamu haikati shauri, na nadhani ilifanya hivyo kwa makusudi. Anamlea kama mtoto na moyoni anajenga maisha naye. Hilo linaweza kumkera mtazamaji wa leo, na ana haki ya kukereka, kwa sababu msichana hana akili ya kukubali wala kukataa. Jibu la filamu lipo kwenye kituo cha treni: siku anapopata akili ya kuchagua, hamjui. Balu Mahendra hakumzawadia Somu.

Wasomaji wengine huniuliza kama ugonjwa ule upo. Kuumia kichwa kunaweza kweli kumfanya mtu asahau mambo yaliyotangulia ajali, na mara nyingi asikumbuke ajali yenyewe. Lakini mtu kurudi mtoto mzima, kisha akapona kwa siku moja na kufuta miezi yote ya katikati, hiyo ni hali ya sinema. Mwenye mgonjwa wa kichwa nyumbani asisubiri muujiza wa mganga wa Sadma, ampeleke hospitali. Ndani ya hadithi, hata hivyo, ugonjwa huo ni wa lazima, kwa kuwa mwandishi alikuwa anatafuta namna ya kumwondoa mtu katika maisha ya mwingine bila kifo na bila ugomvi. Balu Mahendra alikuwa na jeraha lake. Shoba, mwigizaji kijana sana aliyekuwa mkewe, alifariki mwaka 1980, na yeye mwenyewe aliwahi kuihusisha Moondram Pirai na msiba ule. Ukijua hilo unaelewa kwa nini alikubali kuipanda milima ile mara ya pili kuipiga hadithi ile ile.

Na jicho lake! Alizaliwa Sri Lanka, akasomea upigaji picha katika chuo cha filamu cha Pune, na kabla ya kuongoza alikuwa akiwapigia wengine. Alipenda mwanga wa asili: dirisha, ukungu, jioni. Ooty anayoipiga yeye si ile ya kadi za posta ambayo sinema ya Bombay iliizoea kwa nyimbo za mapenzi. Ni baridi, kuna unyevu, vyumba vina giza la kweli. Katika nakala chafu za kanda za video tulizozitazama sisi, giza hilo lilionekana kama ubovu wa kanda. Ukipata nakala iliyosafishwa utaona ni kazi ya mikono.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako na kwa mumeo ni huu. Tafuteni Moondram Pirai yenye tafsiri ya maandishi chini ya picha, muitazame pamoja, na wewe usiipime kwa kuuliza ipi ilitangulia. Itazame kwa mambo matatu: namna mtaa mzima unavyozungumza, Kanne Kalaimane inapoanza, na Kamal Haasan anavyojificha siku ya mganga. Wiki inayofuata rudini kwenye Sadma, safari hii mumeo ndiye asikilize: Gulzar, Suresh Wadkar, na wimbo wa mbweha. Kama atasema bado kwamba ya Kihindi haina chake, niandikie tena, nami nitamjibu yeye. Na mkivutiwa na njia hii ya kutazama filamu mbilimbili, endeleeni na Nenjil Or Aalayam na Dil Ek Mandir, maana Sridhar alibadilisha waigizaji wote wakuu kati ya ile ya kwanza na ya pili, na hapo ulinganisho unakuwa mgumu zaidi kuliko huu wa Balu Mahendra.